Matibabu ya Meno na Mfuko wa Mwanachama

Hotuba ya Kamati ya Afya iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twaja kusema juu ya jambo ambalo huenda baadhi yenu wataliona dogo, lisilostahili kukaa katika ajenda moja na habari za msiba, karo za shule na kiwanja cha Chama. Mtu akifiwa, Chama hiki hakiulizi maswali mengi. Jeneza hununuliwa, gari hukodiwa, na marehemu hufikishwa kwao kwa heshima. Lakini mwanachama akija mbele ya kamati na shavu lililovimba, akiomba msaada wa kutibiwa meno, hakosi kusikia mtu nyuma yake akinong'ona ya kuwa jino si ugonjwa. Sisi wa Kamati ya Afya tumelipinga neno hilo mwaka mzima, na leo twapenda kutoa sababu zetu mbele ya wote.

Jino ni ugonjwa, tena laweza kuua. Usaha wa gego la chini ukiachwa huweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, ukavimbisha mahali pale hata njia ya pumzi ikazibika. Mtu aliyefika hali hiyo hatibiwi tena kwa kidonge cha dukani. Hulazwa, hukatwa ili usaha utoke, na pengine hufunguliwa njia ya pumzi kooni. Lakini hata pasipo hatari ya kufa, twajua nyumba ambazo ng'ombe ameuzwa, au mkopo wa simu umechukuliwa kwa riba ya kutisha, kwa ajili ya meno. Wala tusidhani ni watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 2015, ulionyesha ya kuwa katika kila watu wazima 100 wa Kenya karibu 34 walikuwa na meno yaliyooza, na karibu 98 walikuwa na fizi zitokazo damu. Yaani mtu mzima mwenye fizi nzima alikuwa nadra kuonekana.

Basi swali letu la leo ni hili: mtu mwenye kipato kidogo, aliyekwisha kuambiwa ya kuwa kinywa chake chahitaji kazi kubwa, afanyeje ili atibiwe vema bila kuifilisi nyumba yake? Jibu letu twalitoa mapema. Fedha nyingi za meno huokolewa kabla mtu hajaketi katika kiti cha daktari, yaani wakati wa kuuliza, wa kupanga na wa kuamua kazi ipi itangulie. Kutafuta mtu wa bei ndogo kupita wote si njia ya kuokoa.

Ili mpango ueleweke, yafaa kwanza tujue jinsi hesabu ya jino inavyokua. Nje ya jino kuna ganda gumu. Ndani yake kuna tabaka lililo laini zaidi. Na katikati kabisa kuna chumba chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vinavyokaa katika ukoga hula sukari tuilayo, vikatoa asidi, nayo asidi huyeyusha ganda lile kidogo kidogo. Tundu likikutwa lingali juu juu, daktari husafisha na kuziba, na mtu hurudi kazini siku ile ile. Likifika chumbani, kuziba peke yake hakufai tena. Yabidi mizizi ifunguliwe, isafishwe na kujazwa dawa, kazi ya ufundi mwingi pamoja na picha za eksirei, ambayo mara nyingi humpasa mgonjwa kurudi mara 2 au 3. Tena gego lililotibiwa hivyo huwa dhaifu, kwa hiyo aghalabu huhitaji kuvikwa kofia lisije likapasuka kwa mfupa au muhindi wa kuchoma. Kufikia hapo jino moja limekwisha kula fedha ambazo zingeziba meno kadhaa. Asiyeziweza fedha hizo huling'oa, na kwa siku ile huona amepata nafuu. Lakini pengo nalo lina madai yake: meno jirani huweza kuinama kulielekea, la upande wa pili huweza kushuka au kupanda likitafuta mwenzake, na mtu huanza kuulizia bei ya daraja au ya meno ya bandia. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo, nao walisema hivyo kabla ya kuona hesabu za siku hizi.

Hivyo jino lile lile laweza kulipiwa mara tatu: la kwanza kwa kuziba, la pili kwa kutibu mizizi, la tatu kwa kuliwekea badala. Mwenye kuchelewa kwa kuogopa gharama ya kwanza hujiandikisha kwa gharama ya tatu.

Twawaletea mfano wa mama mmoja, mwanachama wetu, muuza mboga, ambaye ametuidhinisha kusimulia habari zake bila kutaja jina. Mama huyu alikuwa na mahali 9 palipoharibika kinywani. Alikwenda kwa mganga mmoja wa meno wa binafsi, akapewa karatasi yenye jumla tu, pasipo kutajwa jino lipi lafanyiwa nini. Jumla ile ilipita faida ya kibanda chake ya mwaka mmoja na nusu, na aliambiwa alete nusu yake kabla ya kazi kuanza. Alipotujia alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe. Tulimwomba asubiri wiki mbili. Akarudi kule kuomba picha zake za eksirei, maana alikuwa amezilipia, akazipeleka katika hospitali ya kufundishia. Huko mwalimu na mwanafunzi wake walimpima wakamwandikia mpango wenye mistari 9. Mizizi 2 iliyobaki bila jino ing'olewe. Meno 4 yazibwe. Jino 1 la mbele litibiwe mzizi. Mapengo 2 ya nyuma yaachwe yalivyo, kwa kuwa hayamzuii kutafuna. Katika hesabu ya kwanza mapengo yale mawili yalikuwa yamewekewa madaraja, nayo ndiyo yaliyokuwa yamebeba sehemu kubwa ya jumla.

Hatusemi ya kuwa mganga wa kwanza alikuwa mwongo. Daraja ni kazi halali, na mtu mwenye uwezo akilipenda na aliweke. Tunachosema ni kwamba mama huyu hakuambiwa lipi ni la lazima na lipi ni la hiari. Na mtu asiyejua tofauti hiyo hawezi kupanga. Matibabu yake yalichukua miezi 11, akilipa kila kazi kwa siku yake. Ng'ombe yungali zizini, na amezaa.

Kwa hiyo mwanachama atakayeambiwa ana kazi kubwa kinywani asiondoke pale bila karatasi yenye kutaja kila jino, kazi itakayofanywa na bei yake mbali mbali. Daktari mwema hachukii kuulizwa. Aulizwe: lipi kati ya haya laweza kunidhuru nikingoja miezi 6? Lipi laweza kungoja? Je, kuna njia nyingine ya kulitibu jino hili, na hiyo nayo ni kiasi gani? Bei hii imeingiza eksirei, dawa ya ganzi na kurudi kwangu mara ya pili, au hayo yatahesabiwa peke yake? Swali hili la mwisho laonekana kama la mtu mchoyo, lakini tumeona watu wakishangazwa na hesabu ya mwisho kwa kuwa hawakuliuliza la kwanza. Na kazi ikiwa kubwa sana, si utovu wa adabu kutafuta maoni ya daktari wa pili. Achukue zile picha za eksirei asipigwe na kulipishwa tena.

Kazi zenyewe zina utaratibu wake, na kuuvunja utaratibu huo ni kutupa fedha. Maumivu na usaha hutangulia, maana hayo hayana subira. Kisha husafishwa ukoga mgumu na kutibiwa fizi, kwa sababu kofia nzuri iliyowekwa juu ya ufizi mgonjwa ni kama mlango mpya katika ukuta unaobomoka. Fizi zikiendelea kuugua, mfupa unaolishika jino huliwa, na jino pamoja na kofia yake hulegea. Hapa wenye ugonjwa wa kisukari wasikie sana: sukari isiyotawaliwa huzidisha ugonjwa wa fizi, nazo fizi mbaya huifanya sukari iwe ngumu kutawalika. Baada ya fizi huja kuziba matundu madogo kabla hayajawa makubwa, hata kama hayaumi. Ndipo huja mizizi na kofia. Meno ya bandia huwa mwisho. Wengi huyataka siku ile ile ya kung'oa, wapate kwenda harusini wakicheka. Lakini ufizi na mfupa hunywea sana katika miezi ya kwanza baada ya kung'oa, na meno yaliyopimwa mapema hulegea yakahitaji kurekebishwa au kutengenezwa upya. Anayeweza kuvumilia miezi michache kwa kawaida hulipa mara moja badala ya mbili.

Tumekwisha kutaja mapengo ya mama yule, na twaona baadhi yenu wangependa kujua kama ni kweli pengo laweza kuachwa. Ni kweli, kwa kiasi. Mwaka 1981 mtaalamu mmoja wa Uholanzi, Arnd Käyser, alichapisha utafiti ulioonyesha ya kuwa mtu hahitaji meno yote 32 ili aishi vema. Watu wenye meno ya mbele pamoja na magego madogo, yapata meno 20 yanayokutana juu na chini, waliweza kutafuna vya kutosha. Wajapani nao walianzisha mwaka 1989 kampeni ya kuwahimiza watu wafike umri wa miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe. Lakini chakula cha Uholanzi si chakula chetu. Watafiti waliowapima watu wazima wa Tanzania waliona ya kuwa waliobaki na magego madogo yote pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa hutafuna ipasavyo, bali waliokosa magego makubwa yote hupata taabu kwa vyakula vigumu. Basi swali la kumwuliza daktari si “nina mapengo mangapi?” bali “nina jozi ngapi zinazokutana?” Mwenye jozi za kutosha aweza kuacha pengo la nyuma bila aibu, fedha ile akaitumia kuyalinda meno aliyobakiwa nayo. Na mwenye kuhitaji meno ya bandia ajue ya kuwa yako ya kuvua na kuvaa, ambayo bei yake huwa chini zaidi, na yako yale yanayofungwa katika mfupa wa taya kwa skrubu, ambayo ni ghali mno. Haya ya pili ni ufundi mkubwa, lakini si wajibu wa mtu yeyote kuyanunua kwa deni.

Sasa juu ya mahali pa kutibiwa. Mpaka mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kuwafunza madaktari wa meno, waliotaka elimu hiyo walikwenda ng'ambo. Leo Nairobi iko hospitali ya meno ya Chuo hicho, na huko Eldoret Chuo Kikuu cha Moi nacho chafundisha kazi hii. Katika mahali pa namna hiyo mwanafunzi hufanya kazi chini ya jicho la mwalimu, ambaye hukagua hatua kwa hatua, na ada kwa kawaida huwa chini kuliko za binafsi. Gharama yake nyingine ni muda: kazi ya saa moja huweza kuchukua asubuhi nzima, na foleni ni ndefu. Kwa mtu ambaye siku yake moja ya kazi ina thamani kubwa, nauli na siku zilizopotea nazo zaingia katika hesabu. Huenda akaona hospitali ya kaunti iliyo karibu yamfaa zaidi kwa kuziba na kung'oa, na hospitali ya kufundishia akaiendea kwa mizizi na kofia tu. Hivyo ndivyo tunavyoshauri wanachama wengi.

Tena si kila kuziba kwahitaji mashine. Katikati ya miaka ya 1980, huko huko Tanzania jirani, ulianza ufundi wa kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuliziba tundu kwa saruji maalumu inayonata katika jino na kutoa madini ya floridi. Ufundi huu haupigi kelele, mara nyingi hauhitaji sindano ya ganzi, na waweza kufanywa hata penye upungufu wa umeme. Wafaa hasa matundu madogo, na watoto waogopao. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa za lazima. Mzazi aliye mbali na mji na aulize katika hospitali yake kama yuko mhudumu ajuaye kazi hiyo.

Kuna watu wawili ambao twawaomba mjihadhari nao sana. Wa kwanza ni mng'oaji wa mitaani mwenye koleo katika mfuko. Bei yake ni ndogo, ni kweli. Lakini koleo lisilochemshwa wala kusafishwa ipasavyo hupeleka damu ya mtu katika kinywa cha mwingine, pamoja na virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini; na mzizi uliovunjika ukabaki ndani humpeleka mgonjwa hospitali kwa kazi ngumu kuliko ya awali. Madaktari wa meno wa Kenya huandikishwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni zao hutolewa upya kila mwaka. Kuomba kuiona leseni ukutani si matusi. Mtu wa pili ni sisi wenyewe, tunapojipeleka dukani kununua dawa za kuua vijidudu kila jino liumapo. Dawa zile hutuliza uvimbe kwa muda, nazo zina mahali pake daktari akiziandika, lakini haziwezi kuziba tundu wala kukiondoa kilichooza chumbani. Maumivu yakitoweka baada ya siku kadhaa, huenda maana yake ni kwamba mshipa umekufa na usaha unaanza. Wako wazee hapa ambao wamekula dawa za jino moja kwa miaka 5. Tuliwaomba wachache wao wajumlishe fedha hizo kwenye karatasi, nao walitikisa vichwa.

Juu ya bima, twasema kwa uangalifu. Mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, NHIF, ambao ulianzishwa mwaka 1966, uliondolewa, na tangu Oktoba 2024 kazi hiyo yashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Orodha ya kazi zinazolipiwa na viwango vyake hubadilishwa, kwa hiyo hatutawasomea orodha ambayo kesho yaweza kuwa nyingine. Mwanachama aulize katika dirisha la bima la hospitali kabla ya kuketi kitini, wala si baadaye. Wenye bima za kazini wajue jambo moja ambalo limewasaidia baadhi yetu: bima nyingi za namna hiyo huweka kikomo cha fedha za meno kwa mwaka, na mwaka ukianza upya kikomo nacho huanza upya. Kazi kubwa isiyo ya haraka yaweza kugawanywa, nusu ifanywe mwishoni mwa mwaka wa bima na nusu mwanzoni mwa ule unaofuata. Tena isomwe ile sehemu ya maandishi madogo, kwani kofia, madaraja na kazi za urembo mara nyingi huachwa nje.

Tukiwa katika urembo, tuna neno kwa wenzetu waliolelewa Nakuru, Naivasha, Gilgil na pande nyingine za Bonde la Ufa ambako maji ya visima yana floridi nyingi. Meno ya kahawia hayakuoza, wala si uchafu. Ni alama ya maji yaliyonywewa utotoni, wakati meno yalipokuwa yakijengwa ndani ya ufizi. Twajua ya kuwa kijana mwenye meno hayo huona haya kucheka, na hatumdharau anayetaka kuyafunika. Lakini tumeona vijana wakitumia akiba yao yote kuyapaka meno ya mbele rangi huku magego ya nyuma yakioza kimya. Magego yatangulie. Na kwa watoto walio bado wadogo, hasa chini ya miaka 8, maji ya mvua ni bora kuliko dawa yoyote ya baadaye. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita. Kuchemsha maji hakuziondoi. Machujio ya mkaa wa mifupa, ambayo yametumika sana Nakuru, huzipunguza.

Ya nyumbani twayapita kwa haraka kwa sababu mnayajua: kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, hasa usiku, na kutema bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti nao ni kitu chema kikitumiwa kwa bidii, ila hauna floridi ya kutosha kuwa badala ya dawa. Jambo moja tu ambalo wengi hawalijui: idadi ya mara tulazo sukari hudhuru zaidi kuliko wingi wake. Mtu anywaye chai tamu kikombe kimoja pamoja na chakula hakudhurika kama yule afyonzaye soda moja kidogo kidogo tangu asubuhi hata adhuhuri. Vivyo hivyo mtoto alalaye na chupa ya uji wa sukari kinywani.

Sasa tuje kwenye mfuko wa Chama. Mwanachama awekaye shilingi 50 kila siku ya kazi, siku 6 kwa wiki, ana shilingi 300 kwa wiki na 15,600 kwa mwaka. Hatuzitaji fedha hizo kana kwamba zatosha kazi ya kila kinywa. Twazitaja kwa sababu kazi kubwa ikigawanywa kwa mpango, kila hatua huwa kiasi ambacho akiba ya namna hiyo yaweza kukikaribia, na kinachopungua ndicho Chama kingeweza kukiongeza. Kwa hiyo Kamati yaleta pendekezo kwamba sehemu ya mfuko wa ustawi itengwe kwa matibabu ya kinywa. Fedha zitolewe kama mkopo usio na riba. Zisitiwe mkononi mwa mtu, bali zilipwe hospitalini moja kwa moja, hatua kwa hatua, kila hatua ikiisha na stakabadhi ikaletwa. Mwombaji alete mpango ulioandikwa. Maumivu, usaha na meno ya watoto yatangulie. Urembo usihudumiwe na mfuko huu.

Mzee mmoja wa baraza letu alituuliza, kwa haki kabisa, mfuko utakuwaje siku kila mtu atakapokuja na jino lake. Tulimjibu ya kuwa wengi wanalo jino hilo leo, ila hulileta kwa majina mengine: mkopo wa karo ambao haukwenda shuleni, siku za kazi zilizopotea, ombi la haraka la mtu aliyelazwa. Mtu akija na tundu dogo, mkopo wake utakuwa mdogo na utarudi upesi, na fedha zile zile zitamtumikia mwenzake kabla ya mwaka kwisha. Wanaotumaliza ni wale wajao wakiwa wamechelewa. Mzee hakuridhika kabisa, akataka kiwekwe kikomo cha mkopo kwa kila nyumba. Tumelikubali neno lake, na limeandikwa katika pendekezo, isipokuwa kiasi chenyewe tumewaachia ninyi mkiamue.

Pendekezo litapigiwa kura baada ya chakula cha mchana. Nakala zake ziko kwa Katibu, na asiyejua kusoma atasomewa. Walio na maumivu leo wasingoje kura: waje katika meza yetu karibu na mlango, iliko orodha ya hospitali za umma za karibu zenye kitengo cha meno, siku zao za kazi, na nauli ya kufikia kila moja.